Kilomita Moja na Nusu ya Nyasi

"Likiota jani moja kwenye mtaro wangu kuanzia leo, msiniite tena jina langu. Niiteni Nyasi!"

Maneno hayo aliyasema mchana kweupe, amesimama juu ya dawati la darasa la tatu, mbele ya watu sabini na wawili waliokuja kwenye mkutano wa barabara. Hakuna aliyemlazimisha. Hata kupanda dawati hakukuwa na haja, kwa maana ni mtu mrefu na sauti yake hufika kabla yake. Lakini siku hiyo mdomo ulitangulia, akili ikabaki nyuma inatafuta viatu.

Leo anaitwa Nyasi. Mkewe anamwita Nyasi. Kwenye simu ya ofisi ya barabara ameandikwa Nyasi. Ukimwita jina alilopewa na wazazi wake, itabidi uliite mara tatu, na hiyo ya tatu ndipo atageuka, tena aangalie kwanza kama kuna mtu mwingine nyuma yake.

Kazi yake ni mtaro. Ofisi ya barabara ilikata mitaro yake vipande vipande, kila kipande kikapewa mtu wake, na kipande cha Nyasi ni kilomita moja na nusu, kuanzia kituo cha mafuta hadi kwenye kalvati, lile bomba kubwa la zege linalopitisha maji chini ya lami. Kwenye karatasi ni kazi nyepesi: magugu yasizibe, maji yapite. Kwenye mgongo ni kazi nyingine kabisa. Mwaka ule wa mkutano magugu yalikuwa yamefika kiunoni. Mvua ikapiga, maji yakakosa njia, yakapanda barabarani, yakavuka bila kuangalia kulia wala kushoto, yakaingia dukani kwa fundi cherehani, ambaye amekaa ng'ambo ya kalvati uso kwa uso na balaa. Suti ya bwana harusi ilielea hadi mlangoni kana kwamba inamfuata mwenyewe.

Fundi huyo ana ulimi mkali kuliko mkasi wake. Mkutanoni aliinua mkono kwa adabu zote, akauliza, "Samahanini wazee wangu. Hivi huyu bwana analipwa kufyeka au kufuga?"

Watu wakaangua kicheko. Ndipo mtu akapanda dawati.

Sasa, mtu akishaapa hadharani hawezi tena kwenda polepole. Fyekeo lake, ambalo lilikuwa limemlisha miaka tisa, ghafla aliliona kama kijiko. Nyasi akaenda duka la pembejeo, akanunua dumu la dawa ya kuua magugu, akaazima pampu ya kubeba mgongoni. Muuzaji alimwambia vizibo viwili kwa pampu moja ya maji. Yeye akatia vinne, kwa hoja kwamba kama viwili vinaua, vinne vinazika kabisa. Akautembea mtaro wote, ukingo huu na ukingo ule, pua imefungwa kwa leso ya mkewe, asibakishe hata unyoya.

Na dawa ilifanya kazi, tusiionee. Siku ya kumi mtaro ulikuwa wa kahawia. Siku ya ishirini ulikuwa udongo mtupu. Watu walipita wakimpa hongera. Fundi mwenyewe alitoka nje, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, akatazama juu, akatazama chini, akasema, "Bwana we, huu sasa ni mtaro au kipara?" Nyasi aliichukua kuwa sifa. Wiki ile alitembea kifua mbele, akiwasalimu hata asiowajua.

Kosa lenyewe lilikuwa la usafi. Nyasi ni mtu msafi. Alipomaliza kupiga dawa hakutaka kurudi nyumbani na pampu yenye sumu, aje aioshee kwenye ndoo wanazoogea binti zake pacha. Hapo alifikiri kama baba. Akateremka hadi mwisho wa mtaro, upande wa pili wa kalvati, kwenye kidimbwi ambamo maji hutulia kabla ya kuendelea bondeni, akaisuuza pampu humo, vizuri, mara tatu. Hapo hakufikiri kabisa. Maana kidimbwini humo ndimo mama mkwe wake alimokuwa akiteka maji ya kumwagilia kitalu chake cha miche.

Mama mkwe huyo watu humwita Bibi Reli. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa kwenye kikosi cha kutunza tuta la reli, yeye na wanaume kumi na mmoja, na alistaafu na vidole vyake vyote isipokuwa kimoja. Sasa anaotesha nyanya, kabichi, hoho na mipapai kwenye makopo ya maziwa yaliyotobolewa chini. Maneno yake ni machache, na kila neno huja limebeba mzigo wake.

Alikuja asubuhi ya Jumapili. Akabisha hodi mara moja, akaingia, akaweka trei ya miche ya nyanya katikati ya meza, baina ya kopo la sukari na redio. Majani yalikuwa yamejikunja kama karatasi iliyowekwa karibu na jiko.

"Shikamoo mama," akasema Nyasi.

"Marahaba mwanangu. Hamjambo humu?"

"Hatujambo. Karibu chai."

"Asante, nimekunywa. Mia sita."

"Mia sita nini, mama?"

"Miche. Hii hapa kumi na miwili. Wenzake wako nyumbani, wamelala." Akavuta kiti. "Nimekaa na miche miaka mingi. Ugonjwa wa ukungu naujua. Wa wadudu naujua. Wa jua kali naujua. Huu siujui. Nikasema ngoja nimuulize mkwe wangu, nasikia siku hizi ni daktari wa majani."

Mkewe, Mama Pacha, alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mlangoni. Ukimkosea mama mkwe huna pa kukimbilia. Yule ambaye siku zote ni wakili wako, siku hiyo ni mtoto wa mlalamikaji.

Nyasi angeweza kudanganya. Uongo ulikuwa tayari umevaa kabisa, unasubiri kufunguliwa mlango. Lakini aliitazama ile trei akaona udongo wake ni mbichi. Asubuhi hiyo hiyo, kabla ya kuileta, Bibi Reli alikuwa ameimwagilia tena ile miche iliyokufa. Labda ingeamka.

"Niliosha pampu kidimbwini, mama."

"Mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Mtu msafi," akasema Bibi Reli.

Mama Pacha akaweka mwiko chini. Nyasi akaanza kusema atalipa, atafanya kila njia, mama mkwe akainua ule mkono wa vidole vinne kumnyamazisha.

"Utalipa kwa mgongo. Maji ya kidimbwi siyagusi tena mpaka nijue yamepona. Kuanzia leo maji ya kitalu unayabeba wewe, kutoka bomba la mtaani. Ndoo kumi na sita, kila jioni."

"Sawa, mama."

"Na hiyo chai, sasa naweza kunywa."

Ingekuwa hayo tu, Nyasi angebeba ndoo zake na maisha yakaendelea. Lakini kipara kina tabia yake mvua ikinyesha. Wiki mbili baadaye ilipiga mvua ya mchana, nusu saa tu. Kingo za mtaro, zisizo na mzizi hata mmoja wa kuzishikilia, zikaanza kuteremka mapande kwa mapande. Matope yakajaa kwenye kalvati, kalvati likafumba mdomo, na maji yakapanda tena barabarani. Safari hii hayakuvuka tu, yalikula na ubavu wa lami, pengo la ukubwa wa mlango. Fundi aliiweka cherehani juu ya meza na yeye mwenyewe akapanda juu ya meza, akakaa hapo akiwa amekunja miguu, akiutazama mtaro bila kusema neno. Fundi akinyamaza, ujue hali ni mbaya.

Halafu magugu yakarudi. Na hayakurudi yale ya zamani, yale ya kupigana nayo kwa heshima. Dawa ilikuwa imemaliza ukoka wote, zile nyasi fupi zinazotambaa na kufunika ardhi kama mkeka, na uwanja ulipobaki wazi aliyewahi kuingia ni lile gugu la miiba, refu, ambalo hata mbuzi mwenye njaa hulipita kana kwamba hawajuani.

Fundi ndiye aliyeliona la kwanza. Alishuka mtaroni na futi yake, akainama, akalipima.

"Inchi nne!" akapiga kelele hadi kituo cha mafuta wakageuka. "Nyasi! We Nyasi! Njoo umwone ndugu yako amezaliwa!"

Kufikia adhuhuri jina lilikuwa limeshafika sokoni. Jioni lilifika nyumbani. Mama Pacha alimfungulia mlango, akamtazama toka kichwani hadi kwenye gambuti, akasema, "Karibu, Nyasi," na ikawa imekwisha.

Siku iliyofuata akaja Injinia wa ofisi ya barabara, mwanamke asiyefika hata miaka thelathini, kofia ngumu kichwani, daftari kwapani. Alisimama kwenye lile pengo la lami, akatingisha udongo kwa ncha ya buti, ukaporomoka.

"Baba, nani alikwambia upige dawa?"

"Hakuna, Injinia. Ni mdomo wangu."

"Mkataba unasema kufyeka. Haujasema kuua. Maji ya mtaro hayaishii mtaroni, yanaenda kwa watu."

"Nimeshajua, Injinia. Yaliletwa mezani kwangu kwenye trei."

Injinia alitaka kucheka, akajizuia, akaandika. Kisha akafunga daftari. "Nakuheshimu, baba, umekaa na kipande hiki miaka tisa. Lakini sitaweza kukutetea mara mbili. Mvua kubwa zinakuja baada ya miezi minne. Maji yakivuka barabara tena, hata mara moja, kipande nakipa kampuni yenye mashine. Sio ubaya."

"Sio ubaya," akakubali Nyasi. Kipande kile ndicho kilichomtoa kwenye vibarua vya leo upo kesho haupo. Ndicho kilichowafikisha pacha kidato cha tatu. Mtu anaweza kuuchukia mtaro kila asubuhi, miaka tisa, na siku akiambiwa unaondoka akahisi kama ananyang'anywa mguu.

Jioni ile alibeba ndoo kumi na sita. Ya kumi na saba alijikuta amebeba bila kutumwa, akaiweka, akasimama tu pale kitaluni.

"Sema," akasema Bibi Reli bila kuinua kichwa.

Akasema yote. Bibi Reli aliendelea kupandikiza hoho hadi kopo la mwisho, akafuta mikono kwenye kanga. "Kesho nitakuja kuuona huo mtaro. Usiniandalie kiti."

Walitembea kilomita moja na nusu, bibi mbele, mkwe nyuma. Alichoma udongo kwa fimbo, akachungulia kalvati, akang'oa gugu moja la miiba akalipima mzizi wake kwa mkono. Mwisho akasimama.

"Ukoka uko wapi?"

"Nimeuua, mama."

"Ulikuwa unakudai nini?"

"Mama, ile ni nyasi."

"Na wewe ni nani siku hizi?"

Bibi Reli akaketi kwenye ukingo wa kalvati, akanyoosha miguu. "Kule relini tuliwahi kuletewa msimamizi kama wewe. Alitaka tuta liwe safi kama sahani. Tukalisafisha, si amesema bosi? Mvua ikanyesha siku mbili, tukaamka tukakuta mataruma, yale magogo yanayobeba reli, yananing'inia hewani kama ngazi. Udongo hauna mikono, mwanangu. Unashikwa na mizizi. Kazi yako si kumaliza majani. Kazi yako ni kuchagua yupi akae, yupi aondoke, na anayekaa akae kwa kimo gani."

"Kimo gani, mama?"

"Lete hizo gambuti."

Akaazima kwa fundi brashi na rangi nyeupe, ile aliyoandikia kibao cha duka, akazichora zile gambuti mistari miwili: mmoja kwenye kifundo cha mguu, mwingine shubiri moja juu yake. Nyasi zikipita mstari wa juu, zifyekwe mpaka mstari wa chini. Chini ya hapo fyekeo halina kazi, na udongo usikwanguliwe. Sakafu ya mtaro, katikati pale maji yanapopita, ifyekwe fupi zaidi na matope yatolewe kwa chepe. Kingo zivae ukoka. Na gugu la miiba halifyekwi, maana ukilikata shingo linarudi na vichwa vitatu. Linang'olewa na mzizi wake, ardhi ikiwa na maji, kabla halijachanua.

"Likishachanua umechelewa," akasema. "Likishamwaga mbegu, wewe ni mkulima wake. Ulikuwa ukishafyeka unatupa wapi?"

"Juu ya ukingo, mama. Kwenye lundo."

"Zikiwa na mbegu?"

Nyasi akatazama gambuti zake. Kwa miaka tisa alikuwa akifyeka magugu yaliyokomaa, anayarundika ukingoni, na mvua inayateremsha mbegu zote kurudi mtaroni. Kila msimu alikuwa anapanda kwa mikono yake kile anacholipwa kukiondoa. Mfanyakazi hodari kuliko huyo serikali haijapata kuajiri.

Basi ikaanza kazi mpya. Asubuhi alifyeka kwa kufuata mistari ya gambuti. Majani mabichi yasiyo na mbegu aliyasomba kwa toroli hadi kitaluni, Bibi Reli akayatandaza kwenye matuta yake kuhifadhi unyevu. Yenye mbegu aliyafukia shimoni. Na mchana akaenda uwanja wa mpira wa shule, akaomba ruhusa, akachimbua ukoka wa pembeni, akaukata vipande vya kidole, akaanza kuupandikiza kwenye kingo, kipande kwa kipande, amepiga magoti.

Hilo la kupiga magoti ndilo alilokuwa akilisubiri fundi maisha yake yote.

"Jamani tokeni nje!" akaita. "Nyasi anapanda nyasi! Kesho mtasikia na mimi nachana suruali za wateja!"

"Chana tu, fundi," akajibu Nyasi bila kuinuka. "Zile unazoshona huwa zinachanika zenyewe."

Watu walicheka, safari hii upande wake. Lakini wengine hawakucheka, walipiga simu. Jioni simu ya Nyasi ikalia.

"Baba, nimepigiwa na watu wanne," akasema Injinia. "Wanasema umechanganyikiwa, unapanda magugu kwenye mtaro wa serikali."

"Ni ukoka, Injinia. Wa kushika kingo. Katikati maji yana njia yake."

"Nani kakufundisha?"

"Mama mkwe."

"Ana sifa gani?"

"Vidole tisa."

Karatasi zikasikika zikifunuliwa, pengine Injinia anatafuta pa kuliandika hilo. "Endelea," akasema. "Lakini sharti langu liko palepale."

Zilipobaki wiki tatu mvua zianze, manyunyu yakatangulia, na hatua mia mbili za mwisho, zile zinazoingia kwenye kalvati, zikafumuka gugu la miiba. Vichwa vilikuwa vimeshavimba, siku nne au tano vichanue. Nyasi alijaribu kung'oa kutwa nzima, akamaliza hatua kumi na mbili, na viganja vyake vikawa vinavuja damu. Hesabu haikuhitaji diploma. Alirudi nyumbani, akaketi kitandani, akainama, akavuta dumu la dawa lililobaki nusu chini ya kitanda. Akaliweka mapajani.

Mama Pacha aliingia na nguo alizoanua. Akamwona. Hakupiga kelele, hakumkumbusha mama yake. Akaanza kukunja nguo. Alipofika shuka la pili akauliza, kama mtu anayeuliza saa:

"Na pampu utaoshea wapi?"

Nyasi alikaa na swali hilo hadi nguo zikaisha. Kisha akanyanyuka, akalibeba dumu hadi duka la pembejeo, akamkabidhi muuzaji alihifadhi kule anakohifadhi sumu zake, akarudi mikono mitupu. Sasa hakuwa na silaha nyingine ila mikono miwili, na yote miwili ilikuwa imechanika.

Jumamosi asubuhi alitangulia mtaroni peke yake. Hakuwa amemwomba mtu. Nusu saa baadaye akasikia vicheko: Mama Pacha na binti zake wanashuka, vilemba kichwani. Nyuma yao Bibi Reli na kigoda chake, akakiweka kwenye gugu la kwanza, akakaa, akaanza kung'oa kama mtu anayechambua mchele.

Halafu akatokea fundi. Alikuwa amebeba mfuko. Akaumimina: glavu, jozi sita, nene, zimeshonwa kwa vipande vya suruali kuukuu za jinzi, mshono mara mbili, kila moja na rangi yake.

"Msinitazame hivyo," akasema. "Sijaja kwa mapenzi. Nimekuja kwa ajili ya cherehani yangu."

"Asante, fundi," akasema Nyasi.

"Asante ya nini? Vaa hiyo. Ya kushoto ina mfuko, nilisahau kuutoa."

Kufikia alasiri walikuwa wamebakiza hatua thelathini, Jumapili wakazimaliza. Mfukoni mwa glavu hiyo ya kushoto pacha waliweka karanga, wakawa wanakula kazini.

Mvua kubwa zilikuja siku iliyotabiriwa. Siku ya kwanza mtaro ulikunywa. Siku ya pili ulijaa nusu. Siku ya tatu, saa tano asubuhi, maji yalipanda hadi shubiri moja chini ya lami, ya kahawia, yanakimbia na kunguruma, na Nyasi alisimama kando ya kalvati na koti la mvua akiyatazama kama mgonjwa anayemtazama daktari anasoma majibu. Kingo hazikuteremka. Ukoka ulilala chini wote kwa pamoja, kama nywele zilizochanwa, maji yakapita juu yake, na udongo chini ukabaki ulipo.

Kisha maji yakaanza kupanda tena. Vidole vinne chini ya lami. Vitatu. Kalvati lilikuwa linameza nusu tu.

Nyasi akashuka. Maji yalimfika kifuani, akashika wavu wa mdomo wa kalvati, akapapasa, akavuta, mkono ukatoka na kitambaa. Cha bluu. Akavuta tena, kikatoka cha maua. Vikafuata vya mistari, vya suti, na nusu ya kola.

"Fundi!" akanguruma. "Mabaki yako unatupa wapi?"

Fundi alikuwa mlangoni. Akatazama kile kitambaa cha maua, akakitambua. Akavua viatu, akavipanga vizuri kizingitini, akashuka mtaroni, na wale wawili wakavuta matambara, bega kwa bega, mpaka kalvati likapiga mbweu moja kubwa na maji yakaanza kushuka.

Hayakuvuka barabara, siku ile wala msimu mzima.

Mvua zilipokatika, vyura walirudi kidimbwini. Bibi Reli aliteka ndoo moja, akaitumia kumwagilia miche mitatu tu ya nyanya, kando, akaingoja wiki mbili. Ikasimama wima. Akamwita mkwe wake aje kuiona, na wote wawili wakaitazama ile miche mitatu kwa muda mrefu kuliko watu wanavyotazama picha za harusi.

"Mama," akasema Nyasi, "sijui nikushukuru vipi. Kipande kimebaki. Watoto wanasoma. Ungeweza kunifukuza siku ile ya trei, na ungekuwa na haki."

"Ningekufukuza, nani angebeba maji?"

"Sasa kidimbwi kimepona. Maji yako karibu."

"Yako karibu," akakubali Bibi Reli. "Lakini hayapandi yenyewe. Shika ndoo."

Akashika. Hadi leo anashika, ndoo kumi na sita kila jioni, na njiani huimba, jambo ambalo majirani wangependa alipunguze. Anaposhuka hupita dukani kwa fundi, ambaye sasa ana gunia la mabaki lililoandikwa kwa ile rangi nyeupe: SI LA MTARONI. Fundi humwita, "Nyasi!" na yeye huitika, "Naam!" kwa sauti ya mtu aliyepewa cheo.

Injinia alikuja kukagua mwisho wa msimu. Alitembea kilomita moja na nusu, akainama akavuta ukoka wa ukingoni, ukagoma. Lile pengo la lami lilikuwa limezibwa. Akafungua daftari.

"Kipande ni chako, baba. Nami nashukuru, umenipa mfano wa kuwaonyesha wengine. Sasa mahitaji ya mwaka ujao. Mwenzako wa kipande cha juu ameomba dawa madumu kumi na mawili. Wewe?"

Nyasi akalitazama fyekeo lake, akapitisha kidole gumba kwenye makali.

"Tupa moja tu, ya kunolea fyekeo. Hii yangu imekwisha meno."

"Na nini kingine?"

"Basi."

"Nipe bei, niandike."

"Elfu tatu na mia tano."